Kisima cha zamani shambani: namna ya kukifunga bila kuharibu maji ya wengine

Anayenunua shamba nje ya Lubumbashi, Kongo, kandokando ya barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, hununua pia mashimo. Hayaandikwi kwenye hati, muuzaji hayataji, na mara nyingi hata yeye hajui idadi yake. Moja liko chini ya mwembe, limefunikwa bati lililooza. Jingine liko katikati ya mahindi, halina hata tofali la kulionyesha, majani tu yameota kulizunguka. Miaka 15 iliyopita lilikuwa kisima cha familia nzima.

Si ajabu. Lubumbashi ni mji wa visima. Bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, haliwafikii wote, na hata mahali lilipofika, maji si lazima yawe yamefika nalo. Kwa hiyo kila mwenye parseli, yaani kiwanja, huchimba chake, na shambani ndiyo kabisa. Kisima huchimbwa kwa mkono, kwa sururu fupi, ndoo na kamba, mwezi wa tisa au wa kumi, maji yanapokuwa yameshuka. Kisha miaka inapita. Kisima kinaanza kukauka kila kiangazi, au kuta zinabomoka, au mwenye shamba anapata pesa ya foraji, yaani kisima chembamba kinachochimbwa kwa mashine, na pampu ya sola. Cha zamani kinatupiwa matawi ya miti na kusahauliwa.

Shida ni kwamba kisima hakikomi kuwa kisima kwa sababu watu wameacha kuchota. Shimo linabaki wazi hadi kwenye maji, na kitu chochote kinachoingia juu kinafika chini. Kulifunika kunazuia mtu asianguke, kwa muda. Kulifunga ni kurudisha ardhi katika hali ambayo maji ya mvua yatapita polepole tena, kama yanavyopita pembeni ambapo hakuna aliyechimba. Kazi hizo mbili ni tofauti kabisa, na karibu ubishi wote unaosikika kuhusu jambo hili unatokana na kuzichanganya.

Hatari ya kuanguka haihitaji maelezo marefu. Mwezi wa pili mwaka 2022 dunia nzima ilitazama kaskazini mwa Moroko, ambako mtoto wa miaka 5 alitumbukia kwenye kisima kikavu chenye kina cha mita 32. Waokoaji walikata mlima pembeni kwa siku kadhaa. Walipomfikia hakuwa hai. Mwaka 2019, kusini mwa Hispania, mtoto wa miaka 2 alipotelea kwenye shimo la foraji lenye upana wa sentimita 25 tu, na ilichukua siku 13 kumfikia. Huko nako hakunusurika. India, ambako misiba ya namna hiyo ilikuwa imezidi, Mahakama ya Juu ilitoa amri mwaka 2010: foraji iliyoachwa ijazwe kuanzia chini mpaka usawa wa ardhi. Angalia hayo maneno, kuanzia chini. Kwa foraji iliyoachwa, mfuniko peke yake hautoshi.

Kwetu ni mbuzi wanaotangulia. Mbuzi akianguka, mwenye shamba anakumbuka kwamba kuna shimo.

Hatari ya pili

Udongo mwekundu wa Lubumbashi una kazi ambayo hatuilipii. Mvua inapoanza, kwa kawaida mwezi wa kumi na moja, maji yanashuka kupitia udongo huo na changarawe nyekundu iliyo chini yake, polepole, na njiani vijidudu vinakamatwa, vinakosa chakula, vinakufa. Kwa sehemu kubwa ya eneo letu, chini zaidi kuna miamba ya dolomiti na chokaa ya Katanga. Miamba hiyo ina nyufa na mapango madogo yaliyolika kwa maji. Ndani ya nyufa hizo maji hayachujwi tena, yanakimbia tu. Uchafu ukishafika huko, unaweza kutokea kwenye kisima cha mtu ambaye hata hajui jina lako.

Basi kisima kilichoachwa ni mrija uliochomekwa moja kwa moja mpaka kwenye maji, ukiuruka udongo wote uliotakiwa kuchuja. Mvua kubwa ya mwezi wa kwanza inafagia uwanja, mavi ya kuku, majivu, mafuta ya mashine ya kusaga, mbolea na dawa za shambani, na kama mdomo wa shimo uko chini kuliko ardhi ya jirani, vyote vinaingia humo kwa dakika chache.

Wanaoshughulikia maji ya dharura hufuata kipimo kinachojulikana: choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na tako la shimo la choo liwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Kwenye parseli ya mita 20 kwa 30 mjini, hesabu hiyo haiwezekani, kila mtu anajua. Lakini shambani nafasi ipo, na ni huko huko watu wanafanya jambo baya kuliko yote: wanageuza kisima cha zamani kuwa choo. Au wanakielekezea bomba la fosi septiki, tangi la maji machafu ya choo, kiwe shimo la kumeza maji machafu. Hoja ni nyepesi, shimo lipo tayari, kwa nini kuchimba jingine? Ni kweli linameza vizuri. Linameza vizuri kwa sababu limefika kwenye maji. Katika jimbo ambalo kipindupindu hurudi tena na tena kama Haut-Katanga, sioni namna ya kulitetea hilo kwa umaskini wala kwa haraka. Kuchimba shimo fupi la choo ni kazi ya siku chache.

Kulifanya jalala ni dhambi ndogo kidogo, ya ukoo uleule. Betri, makopo ya dawa ya kuua wadudu, mizoga ya kuku waliokufa kwa ugonjwa: vyote hivyo vinalala ndani ya maji ya kunywa.

Kwa nini vifusi havitoshi

Nilimsikia fundi mmoja upande wa Kasapa akimshauri mwenye shamba: “Papa, ulete tu kamio mbili za matofali ya kuvunjika, mangaribi kazi imeisha.” Yule papa alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, akamuuliza: “Na kile cha jirani mlichojaza mwaka jana, si mlifanya vilevile?” Fundi akacheka kwa aibu. Cha jirani kilikuwa kimezama karibu mita moja baada ya masika ya kwanza, na pembeni ya lile bonde jipya maji yalikuwa yanazunguka na kupotea chini, kama sinki lililozibuliwa.

Hiyo ndiyo tabia ya vifusi. Matofali yaliyovunjika yanaacha nafasi kubwa katikati yake, na maji yanapita humo bila kizuizi. Udongo wa juu unateremka kidogo kidogo kujaza nafasi hizo, kwa hiyo ardhi inazama. Mtu ametumia pesa ya malori mawili na mrija bado uko wazi. Tofauti ni kwamba sasa hauonekani na hakuna anayeweza kuusafisha. Tena vifusi vya nyumba zilizobomolewa huja na rangi, vipande vya bati, nyaya na plastiki. Takataka za kuoza ni mbaya zaidi, maana zinapooza zinatoa gesi na kupungua ujazo, na kuna siku trekta au mtu aliyebeba gunia atapita juu.

Kabla ya kugusa chochote

Anza kwa kuuliza. Mama aliyekuwa akichota hapo, mlinzi wa zamani, jirani mzee, wanajua: kilikuwa kisima kweli, au choo cha zamani, au shimo la watafuta madini? Katika eneo la shaba na kobalti swali hilo si la mzaha. Shimo la kuchimba madini linaweza kuwa na mahandaki ya pembeni yanayokwenda mbali, na kulijaza kwa hesabu ya kisima ni kupoteza mchanga na labda mtu. Likiwa la namna hiyo, zungushia uzio, peleka habari kwa shefu na kwa idara ya madini, usijaribu kuwa mhandisi.

Kama ni kisima, kipime. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe mpaka kamba ilegee. Hicho ni kina. Sehemu ya kamba iliyolowa inakuonyesha maji yana kimo gani. Pima upana wa mdomo, na kwa kioo kinachorudisha mwanga wa jua ndani, tazama kama shimo linapanuka chini. Visima vingi vya mkono vina tumbo pana pale kuta zilipobomoka.

Majira yana maana kubwa hapa. Maji ya ardhini Lubumbashi yako chini kabisa kati ya mwezi wa tisa na kuanza kwa mvua, na yanapanda mpaka mwisho wa masika. Kisima kinachoonekana kikavu mwezi wa kumi kinaweza kuwa na mita kadhaa za maji mwezi wa tatu. Kwa hiyo “kimekauka, hakina hatari” ni maneno ya msimu mmoja. Ila ukavu huo ndio fursa yako: funga kisima mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa machache, udongo wako ukiwa rahisi kuchambua na njia ikipitika kwa gari.

Na sasa jambo ambalo ningeliandika kwa rangi nyekundu kama ningeweza. Usiteremke. Usimteremshe mtu. Hata fundi aliyezoea, hata kijana mwembamba mwenye nguvu, hata kwa dakika mbili za kutoa ndoo iliyokwama.

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ndani ya kisima kilichokaa bila kuchotwa, majani na uchafu unaooza hula oksijeni hiyo na kutoa kaboni dioksaidi, gesi nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, inayokaa chini kama maji. Ndugu zetu wa Goma wanaijua kwa jina la mazuku, inapojikusanya kwenye mabonde na kuua mbuzi na watu. Kwetu haitoki kwenye volkano, lakini shimoni inaua vilevile. Mtu anayeteremka hasikii harufu wala kukohoa. Anachoka ghafla, mikono inalegea, anaiachia kamba. Aliye juu anadhani ameteleza, anateremka kumwokoa, naye anaanguka. Ndiyo maana ajali hizi huchukua wawili au watatu wa familia moja.

Mafundi wengi huteremsha mshumaa au taa ya mafuta kwanza. Ikizimika, ndiyo, usiingie. Lakini isipozimika haijakuhakikishia kitu. Mwali huzimika oksijeni inaposhuka karibu asilimia 16 au 17, wakati akili ya mtu huanza kuvurugika katika kiwango hichohicho, kwa hiyo hakuna nafasi ya usalama kati ya mshumaa na wewe. Tena mshumaa haujui gesi ya sumu. Ile yenye harufu ya yai viza, ikizidi, huua uwezo wa pua kuinusa, na mtu anaamini imeondoka. Moshi wa motopompe ya petroli iliyoteremshwa shimoni hauzimi mshumaa hata kidogo, lakini unaua. Na kama chini kuna gesi inayowaka, mshumaa ndio utakaoiwasha.

Habari njema ni kwamba kazi yote ya kufunga kisima inaweza kufanyika ukiwa juu. Asiyeweza kuifanya hivyo hajapanga kazi yake vizuri.

Kujaza, kutoka chini kwenda juu

Kwanza toa kilichomo: pampu, mabomba, kamba, matawi, ndoo. Ndoano ya chuma yenye vidole vitatu kwenye kamba ndefu inatosha kwa vingi. Wanaofanya kazi ukingoni wasimame juu ya mbao ndefu zinazogawa uzito, wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, na kamba ifungwe kwenye mti. Si mikononi mwa mwenzao. Ukingo wa kisima cha zamani ni udongo uliolika kwa chini, unaweza kuondoka wote kwa pamoja.

Kisha ua vijidudu vya maji yaliyobaki. Tuchukue kisima cha upana wa mita 1 na kina cha mita 12, chenye maji mita 3. Maji hayo ni kama lita 2,360. Unataka kuyapa klorini nyingi, tuseme miligramu 100 kwa lita, maana hakuna atakayeyanywa. Hiyo ni gramu 236 za klorini halisi. Unga wa klorini unaouzwa kwa jina la HTH una nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kwa hiyo unahitaji takriban gramu 350. Tia unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga, vaa glavu, upepo uwe mgongoni kwako, na ndoo isiwe imebeba mafuta, asidi wala sabuni. Mimina ukizungusha pande zote za ukuta, ondoka, usiiname juu ya mdomo wa shimo, acha ilale mpaka kesho. Jirani mwenye kisima karibu aambiwe mapema, asichote siku hiyo.

Sehemu yenye maji ijazwe kokoto safi zilizooshwa au mchanga mkubwa wa mto, mpaka juu kidogo ya usawa wa maji. Watu huuliza kwa nini tusiweke mfinyanzi tangu chini. Kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliotupwa ndani ya maji unageuka tope, na tope haligandamani hata ungengoja mwaka mzima. Kokoto zinakaa, na maji ya ardhini yanaendelea kupita kati yake kama yalivyokuwa yakipita. Teremsha kwa ndoo mara za mwanzo, usipindue toroli zima kwa mara moja. Kokoto zikikwama katikati ya shimo zinafanya daraja, na chini yake kunabaki pango tupu.

Juu ya kokoto ndipo mfinyanzi unapoanza, na hapa Lubumbashi ina bahati. Katika nchi nyingi wanaofunga visima hununua bentonaiti, mfinyanzi maalumu unaovimba ukiloa. Ukiipata na kuimudu, itumie. Usipoipata, tuna vichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa, vingine vinapita mita 5 kwenda juu, vimejengwa na mchwa kwa udongo mlaini waliopandisha kutoka chini, na una mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayouzunguka. Ndiyo sababu wachoma matofali wanavipenda. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na majani, chimba ndani.

Jaribu udongo kabla ya kuuamini. Loweka konzi moja, kanda, viringisha mpaka upate kamba yenye unene wa penseli, kisha ipinde iwe pete. Ikifunga bila kupasuka, udongo huo unafaa. Ikivunjika vipande vipande, una mchanga mwingi, tafuta mwingine. Unyevu nao una kipimo chake: ukikamata konzi na kubana, ibaki donge, lakini maji yasitoke kati ya vidole.

Sasa ndiyo kazi yenyewe, na haina ujanja wa kuifupisha. Mimina udongo wa kimo cha sentimita 20 hadi 30, shindilia, mimina tena. Bila kuingia shimoni, unashindilia kwa gogo zito la mti mgumu au kipande cha chuma kilichofungwa kamba, watu wawili wanalivuta juu na kuliachia, wakilizungusha pande zote mpaka mlio ubadilike. Udongo uliolegea unapokea gogo kimya kimya. Ulioshiba unarudisha kishindo. Kwa kisima chetu cha mfano, zimebaki mita 9 za mfinyanzi, yaani mita za ujazo 7 zikiwa zimeshindiliwa, na kwa sababu udongo uliochimbwa hupungua ukishindiliwa, andaa kama mita za ujazo 9. Kwa toroli la lita 60 hiyo ni safari 150. Mwenye shamba akisikia hesabu hiyo ndipo anapoanza kuulizia bei ya matofali ya kuvunjika. Asimame hapohapo: udongo ni wa kwake, kilichopo ni nguvu za watu kwa siku chache na chakula chao.

Ukikaribia juu, kama mita 1.5 kutoka usawa wa ardhi, simama. Kama kisima kilijengewa kwa matofali au pete za simenti, sehemu hiyo ya juu lazima itolewe. Kati ya ukuta huo na udongo wa nje kuna mwanya, na maji ya mvua yatashuka kupitia mwanya huo hata kama ndani umejaza vizuri mno. Panua mdomo kwa mteremko ili kingo zisiwaangukie watu, vunja ukuta, toa vipande. Halafu jaza eneo lote hilo lililopanuliwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, ili kizibo cha juu kiwe kipana kuliko shimo lenyewe. Wengine humwaga zege la sentimita 20 katikati ya tabaka hilo. Si lazima kama mfinyanzi ni mzuri, lakini mahali ambapo trekta litapita, mimi ningeliweka.

Malizia kwa udongo wa shamba, uliorundikwa kuwa kilima kidogo cha sentimita 30 au zaidi, ili maji yakimbilie pembeni na udongo upate nafasi ya kushuka.

Foraji ni habari nyingine

Shimo jembamba la foraji haliwezi kushindiliwa. Ukimwaga udongo kutoka juu, unakwama njiani. Huko kinachotumika ni uji wa simenti: mfuko wa kilo 50 kwa maji kama lita 25, bila mchanga, unaochanganywa mpaka madonge yaishe. Mfuko mmoja unatoa takriban lita 41 za uji.

Foraji yenye kipenyo cha sentimita 15 inameza lita 17.7 kwa kila mita. Mfuko mmoja basi unajaza mita 2 na kidogo. Foraji ya mita 60 ikijazwa simenti tupu ingetaka mifuko kama 26, na hapo wengi hufunga mjadala. Lakini sehemu ya chini, ile yenye bomba la matundu ambamo maji huingia, inaweza kujazwa kokoto ndogo zilizosafishwa na klorini. Ikiwa hiyo ni mita 25, zinabaki 35 za simenti, mifuko 15 au 16.

Uji haumwagwi kutoka juu. Ukianguka ndani ya maji simenti inatengana na kuoshwa. Unateremsha bomba jembamba mpaka juu ya kokoto, unamimina kwa pampu au faneli, na unalipandisha polepole huku mdomo wake ukibaki ndani ya uji. Simenti inasukuma maji kwenda juu, mpaka unaona uji wenyewe unatokea mdomoni. Swali gumu ni nafasi iliyo nje ya bomba la plastiki, kati yake na mwamba. Kama mchimbaji hakuiziba kwa simenti siku ya kuchimba, na wapo wasioiziba, mrija bado uko nje ya bomba. Hapo inabidi bomba ling'olewe kabla ya kujaza. Ni kazi ya mashine, na mwenye foraji amwite mchimbaji mwenye vifaa, akiwa ameshika mkononi karatasi ya kuchimbia yenye kina na tabaka za miamba. Aliyeitupa karatasi hiyo atailipia siku hii.

Kama huwezi mwaka huu

Pesa haipo, masika yamekaribia. Basi fanya cha muda, lakini kifanye kama mtu mzima. Mbao na bati si mfuniko. Mchwa wanamaliza mbao kwa misimu miwili, na bati linamdanganya mtoto kwamba kuna sakafu. Tengeneza bamba la zege la duara lenye upana wa mita 1.4 kwa shimo la mita 1, unene sentimita 10, lenye nondo za milimita 8 kila sentimita 15. Litakuwa na uzito wa kilo 370 hivi, hakuna mtoto atakayelisogeza. Limwage pembeni, likomae kwa wiki tatu au nne huku ukilimwagia maji, kisha livute kwa watu na magogo. Inua udongo kulizunguka ili maji ya mvua yageuke, na chora mfereji upande wa juu wa mteremko. Hapo umezuia anguko na sehemu kubwa ya uchafu. Hujafunga kisima.

Katika maji, uhusiano wetu na ardhi hauishii kwenye uzio. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya taifa, nasi tuna haki ya kuitumia. Ibara ya 9 ya Katiba ya 2006 inaweka maji na kilicho chini ya ardhi katika mamlaka ya taifa, na sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo sheria ya maji yenyewe. Kwa lugha ya kijijini: shimo ni lako, maji si yako peke yako. Kabla ya kuanza, mwambie shefu na majirani wanaochota karibu. Baada ya kumaliza, andika tarehe, kina, upana, vilivyotumika na mahali penyewe, ukipima kutoka kwenye vitu viwili visivyohama, kona ya nyumba na nguzo ya mpaka, au kwa GPS ya simu. Nakala ikae pamoja na hati za shamba. Anayeuza bila kumwonyesha mnunuzi karatasi hiyo anamwachia mtego wa kujenga nyumba juu ya kisima.

Maana hapo pasijengwe. Hata kisima kilichoshindiliwa vizuri kinashuka kidogo katika masika mbili za kwanza. Kipitie baada ya kila mvua kubwa. Kilima kikiwa bapa, ongeza udongo. Kikiwa bonde, chimba sentimita 50, shindilia mfinyanzi mpya, inua tena. Mahindi, maharage na mboga vinaweza kupandwa juu yake. Mwembe, mparachichi na mkalitusi vipandwe mbali, mizizi yake inatafuta maji na itapasua kizibo ulichokitolea jasho.